Jeni ya vitamini D na saratani ya ini: ripoti ya mdogo wangu ituogopeshe?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yetu alifariki mwaka jana kwa saratani ya ini akiwa na miaka 54. Hakuwa mnywaji. Iligunduliwa tumbo likiwa limeshajaa maji, na baada ya wiki saba tukamzika. Tuko watoto wanne. Mdogo wangu wa kiume hakuridhika, akatuma mate yake kwenye kampuni inayopima vinasaba. Ripoti ilirudi na ukurasa mwekundu: ana "ff" mahali panapoitwa FokI kwenye jeni ya kipokezi cha vitamini D, na pembeni pameandikwa "hatari iliyoongezeka ya saratani ya ini". Akapima damu, vitamini D yake ikawa nanogramu 17 kwa mililita. Tangu hapo anameza uniti 10,000 kila siku, huu ni mwezi wa tano, na anatuhimiza sote tufanye hivyo. Mimi nina ujauzito wa miezi sita. Je, nasi tupime jeni hii? Na kweli vitamini D inaweza kutukinga?

Jibu: Marahaba binti yangu, na poleni sana kwa kuondokewa na mzee. Miaka 54 ni mapema mno, na wiki saba hazitoshi hata kuelewa kilichowapata.

Kwa sababu ya hali yako nitatanguliza jibu, maelezo yafuate. Msipime jeni hiyo. Mdogo wako aache dozi hiyo leo, akapimwe kalsiamu na figo. Na wewe, wiki hii hii, nenda kliniki yako ya wajawazito uulize kama ulishapimwa homa ya ini B. Kama majibu hayamo kwenye kadi yako, upimwe. Nimeisoma barua yako mara tatu nikilitafuta neno hilo, sikuliona. Hukusema kama baba alipimwa virusi hivyo, wala kama nyinyi wanne na mama mmewahi kupimwa. Mtu wa miaka 54 asiyekunywa pombe akipata saratani ya ini, swali la kwanza linalonijia ni virusi vya homa ya ini B na C. Jeni ya vitamini D iko mbali sana nyuma ya swali hilo.

Hata hivyo mdogo wako hakukosea kuuliza. Aliyefiwa na baba hutafuta sababu, naye aliitafuta kwa njia aliyoiona mbele yake. Kwa hiyo acha niieleze ripoti yake ilivyo, ili utakapomwambia aiweke pembeni uwe na la kumjibu akikuuliza kwa nini.

Vitamini D tunaiita vitamini kwa mazoea tu. Kwa kazi yake ni homoni. Mionzi ya urujuanimno ya jua inapoifikia ngozi, hugeuza kitu cha jamii ya kolesteroli kilichomo humo kuwa vitamini D, na kiasi kingine hutoka kwenye chakula. Hapo bado haijawa na kazi. Husafiri hadi kwenye ini, ambako kimeng'enya kiitwacho CYP2R1 huifanyia badiliko la kwanza; hiyo ndiyo inayopimwa kwenye damu, na ndiyo zile nanogramu 17 za mdogo wako. Kisha figo, kwa kimeng'enya CYP27B1, huikamilisha iwe homoni yenye nguvu. Kimeng'enya cha tatu, CYP24A1, huivunja inapozidi. Safari yote hiyo hubebwa na protini inayotengenezwa na ini, ambayo jeni yake huitwa GC. Mwisho kabisa homoni huingia ndani ya seli, hukutana na kipokezi chake, VDR, na wawili hao hujishika kwenye vinasaba na kuwasha au kuzima jeni nyingi: za kalsiamu, za kinga ya mwili, za kugawanyika kwa seli. Umeona ini limetajwa mara mbili katika safari hiyo. Likumbuke, nitalirudia.

Jeni ya VDR iko kwenye kromosomu ya 12. Ndani yake mna sehemu nne ambazo watafiti wamezichunguza kwa miaka mingi: FokI, BsmI, ApaI na TaqI. Majina haya huwatisha watu, lakini hayahusiani na ugonjwa wowote. Ni majina ya mikasi. Kabla ya mashine za kusoma vinasaba kuwa za kawaida, maabara zilitumia vimeng'enya vya bakteria vinavyokata vinasaba mahali penye mfuatano fulani wa herufi. Kimeng'enya kikikata, ujue herufi fulani ipo, kikishindwa, ujue imebadilika. FokI ni kimeng'enya cha bakteria mmoja, TaqI cha mwingine. Jina la mkasi likabaki kuwa jina la mahali.

Kati ya hizo nne, FokI ndiyo yenye maana iliyo wazi zaidi, kwa sababu inabadilisha protini yenyewe. Jeni husomwa kuanzia pale penye herufi ATG. Mwenye aina ya "f" anayo ATG ya kwanza, kwa hiyo kipokezi chake huanza hapo na kufikia asidi amino (vipande vinavyojenga protini) 427. Mwenye aina ya "F" ana ACG badala yake. Alama ya kuanzia imepotea, usomaji unaanza kwenye ATG iliyo mbele kidogo, na protini inatoka na asidi amino 424. Fupi ndiyo yenye nguvu zaidi katika kuwasha jeni. Mdogo wako ana "ff", maana yake alipokea nakala ya "f" kwa baba na nyingine kwa mama, na vipokezi vyake vyote ni vya aina ndefu, yenye nguvu pungufu kidogo. Basi. Hana kasoro wala hana ugonjwa. Kwa watu wa asili ya Ulaya karibu nakala 4 katika kila 10 za jeni hii ni "f". Kwa watu wa asili ya Afrika ni kama 2 katika kila 10. Ni tofauti ya kawaida ya binadamu, kama tofauti za makundi ya damu. Zile tatu nyingine hazibadilishi protini hata kidogo. Huenda zinagusa wingi wa kipokezi kinachotengenezwa, au ni alama tu zinazorithiwa pamoja na kitu kingine kilicho jirani.

Sasa, kwa nini mtu alifikiria kuzihusisha na saratani ya ini? Wazo lenyewe lina mashiko. Saratani nyingi za ini huanzia kwenye ini lililokwisha jeruhiwa kwa miaka na kujaa makovu, hali tunayoiita sirosisi. Makovu hayo hutengenezwa na seli fulani za ini zinazoitwa seli nyota, na seli hizo zina vipokezi vingi vya vitamini D kuliko seli za kawaida za ini. Mwaka 2013 kikundi cha Taasisi ya Salk huko Marekani kilionyesha kwamba ukikiamsha kipokezi hicho kwenye panya kwa dawa inayofanana na vitamini D, makovu ya ini hupungua. Ukiongeza kwamba homoni hii hupunguza uvimbe wa ndani na kasi ya seli kugawanyika, unaelewa kwa nini watafiti walisisimka.

Wakaenda kwa wagonjwa. Mwaka 2010 watafiti wa Italia waliangalia watu 240 waliopandikizwa ini, wakaona mpangilio fulani wa herufi za BsmI, ApaI na TaqI ukiambatana na saratani, hasa kwa wale ambao ini lao liliharibiwa na pombe. Mwaka 2013, kwa kutumia kundi kubwa la wagonjwa wa homa ya ini C wa Uswisi, wengine walihusisha saratani ya ini na jeni zinazopanga kiwango cha vitamini D katika damu: CYP2R1, GC na DHCR7, hii ya mwisho ikihusika na ile malighafi iliyomo kwenye ngozi. Tafiti za Asia kwa wenye homa ya ini B nazo zikafuata. Ni kutoka kwenye tafiti za namna hii ndipo kampuni huchukua sentensi moja na kuipaka rangi nyekundu.

Lakini ukiziweka tafiti zote mezani, hazisemi kitu kimoja. Huku FokI ndiyo yenye kosa, kule ni ApaI, kwingine hakuna chochote. Kuna sababu, na ningependa uzielewe kwa sababu zitakusaidia kusoma ripoti yoyote ya vinasaba.

Ya kwanza ni idadi. Ukimlinganisha mgonjwa na mzima kwa makundi ya watu mia moja au mia mbili, ukajaribu herufi nyingi na mipangilio mingi, mojawapo itaonekana ina uhusiano kwa bahati tu, na hiyo ndiyo itakayoandikwa. Waliopata sifuri mara nyingi hawaandiki. Ya pili, ambayo mimi naiona nzito zaidi, ni nani analinganishwa na nani. Mgonjwa wa saratani ya ini karibu kila mara alikuwa na ugonjwa wa ini kwanza. Ukimlinganisha na mtu mwenye ini zima, hujui jeni uliyoipata inahusika na saratani, au na makovu, au na mwili kushindwa kukifukuza kirusi miaka 30 iliyopita. Ulinganisho wa haki ni kati ya wenye sirosisi waliopata saratani na wenye sirosisi ambao hawakupata, na wa kirusi kimoja. Tafiti nyingi hazikufanya hivyo. Ya tatu ni asili. Herufi ambayo huko Ulaya husafiri pamoja na jirani yake mwenye madhara, kwa watu wa asili ya Afrika inaweza isisafiri naye, kwa sababu katika Afrika vipande vya vinasaba vinavyorithiwa pamoja ni vifupi zaidi. Alama iliyopatikana kwa Waitaliano au Wachina haihamishiki hivi hivi kwa mtu mwingine. Ripoti ya mate haikwambii ilitegemea watu gani.

Tena ramani yenyewe inakataa. Aina ya "f" ni adimu zaidi kwa watu wa asili ya Afrika kuliko kwa Wazungu, ilhali saratani ya ini huwapata vijana na watu wa makamo kwa wingi katika Afrika kusini mwa Sahara. Ramani inayofanana na ile ya saratani ni ya virusi vya homa ya ini B, na pamoja nayo ramani ya sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa vibaya.

Nirudi kwenye ini na zile nanogramu 17. Utasikia kwamba wagonjwa wa saratani ya ini wana vitamini D ya chini. Ni kweli, wanayo ya chini sana. Lakini kinachopimwa kinatengenezwa na ini, na protini inayokibeba inatengenezwa na ini. Ini likichoka, vyote viwili hushuka. Mgonjwa wa sirosisi hula kidogo, hutoka nje kidogo, hufyonza mafuta kwa shida, na vitamini D ni mtoto wa mafuta. Kwa hiyo upungufu unaweza kuwa moshi badala ya moto. Utafiti mmoja wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2014 ulijitahidi kukwepa mtego huu: ulitumia damu iliyohifadhiwa kabla ya watu kuugua, ukawachukua 138 ambao baadaye walipata saratani ya ini, na ukakuta waliokuwa na kiwango cha juu walikuwa na hatari iliyopungua kwa karibu nusu. Hiyo ni kazi nzuri na naiheshimu. Ila ugonjwa wa ini hukaa kimya kwa miongo. Damu iliyochukuliwa miaka kadhaa kabla ya uvimbe kuonekana inaweza kuwa damu ya mtu ambaye ini lake tayari limeanza kuchakaa bila yeye kujua.

Hapo ndipo jeni hupata kazi yake halisi katika suala hili, na si kazi aliyoidhani mdogo wako. Herufi ulizorithi hupangwa siku mimba inatungwa. Ugonjwa hauwezi kuzibadilisha, wala jua, wala umaskini. Basi ukijua ni jeni zipi hushusha vitamini D, unaweza kuuliza: watu waliozaliwa na vitamini D ya chini kidogo maisha yao yote, wanapata saratani zaidi? Mwaka 2010 uchunguzi wa watu wapatao 34,000 wa asili ya Ulaya ulizitambua GC, DHCR7 na CYP2R1. Mwaka 2020 data za zaidi ya watu 417,000 wa Uingereza zilifikisha maeneo 143 kwenye vinasaba. Njia hii ilipotumika kwa saratani nyingi za kawaida, matokeo kwa jumla yalikuwa kwamba vitamini D ya chini ya kurithi haiongezi saratani kwa namna inayoonekana. Na majaribio ya kumeza vidonge yakasema vilevile. Jaribio la VITAL la Marekani liliwagawa kwa kura watu 25,871, nusu wakameza uniti 2,000 kila siku na nusu vidonge bandia, kwa zaidi ya miaka 5. Idadi ya waliopata saratani haikutofautiana. Saratani za ini katika jaribio lile zilikuwa chache, kwa hiyo halikulenga ini peke yake, lakini mtu anayekuahidi kinga ana wajibu wa kuonyesha jaribio lililoionyesha, na kwa ini jaribio hilo halipo.

Ukitaka kuona jeni inayohusika kweli na ini inavyoonekana, tazama PNPLA3. Mwaka 2008 watafiti wa Dallas waliona kwamba badiliko la asidi amino moja, ya 148, huongeza mafuta kwenye ini. Tangu hapo limeonekana tena na tena, kwa Wazungu, Waasia, Waafrika na watu wa Amerika ya Kusini, kwa mafuta, kwa makovu na kwa saratani, na daima linaelekea upande ule ule. VDR haijawahi kufika huko. Nayo PNPLA3, pamoja na ushahidi wote huo, bado hatuipimi kwa kila mtu kliniki, kwa sababu anayejua ana badiliko hilo atapewa ushauri ule ule: punguza uzito, dhibiti kisukari, epuka pombe. Zipo jeni chache za ini ambazo tukizikuta tunachukua hatua, kama HFE, ambayo ikiwa na kasoro chuma hujaa mwilini, na hizo daktari huzitafuta akiona dalili zake kwenye damu.

Sasa kile ambacho ripoti ya mdogo wako haikukiuliza.

Saratani ya ini inapofuatana katika familia, watu husema imo kwenye damu. Wana haki kusema hivyo, ila kwa maana wasiyoikusudia. Virusi vya homa ya ini B hukaa kwenye damu na hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, na kati ya watoto wadogo wanaoishi pamoja. Umri wa kuambukizwa ndio unaoamua kila kitu. Mtoto mchanga akiambukizwa, 9 kati ya 10 hubaki navyo maisha yote. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, chini ya 1 kati ya 20 hubaki navyo. Anayebaki navyo huishi miaka 30, 40, bila dalili yoyote, huku kirusi kikipachika vipande vyake kwenye vinasaba vya seli za ini. Kwa sababu hiyo saratani inaweza kuja hata kabla ya sirosisi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na virusi hivi, na wengi wao hawajui.

Uzito wake uone kwa tarakimu. Huko Taiwan watu 3,653 wenye virusi hivi walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 10. Kati ya waliokuwa na kirusi kidogo kabisa kwenye damu, saratani ya ini iliwapata asilimia 1.3, kati ya waliokuwa na kingi zaidi, asilimia 14.9. Hiyo ni zaidi ya mara 11, na ni kwa wingi wa kirusi tu. Huko Shanghai waliokuwa na kirusi pamoja na dalili za sumukuvu mwilini walikuwa na hatari ya karibu mara 60 ya wasio na vyote viwili. Sasa chukua jeni: hata kama tungekubali kwamba "ff" huzidisha hatari kwa theluthi moja, mtu mwenye hatari ya 3 kwa 1,000 angefika 4 kwa 1,000. Ndiyo maana naona uchungu ninaposoma kwamba familia imetoa fedha kutafuta hiyo moja, na kipimo cha tone la damu kinachotafuta ile kubwa hakijafanyika.

Na hii kubwa ina dawa. Mwaka 1984 Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1990 saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imeshuka kwa takribani nusu. Kwa aliyekwisha kuambukizwa kuna vidonge vya kumezwa kila siku vinavyokilaza kirusi na kupunguza hatari ya saratani. Homa ya ini C, ambayo haina chanjo, sasa huponywa kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12 kwa zaidi ya watu 95 kati ya 100. Hakuna kidonge cha vitamini D kinachokaribia hapo.

Mdogo wako sasa. Kiwango cha 17 kiko chini kidogo ya 20, ambacho wataalamu wengi hukichukua kuwa kinatosha kwa mifupa ya watu wengi. Upungufu huo mdogo hutibiwa kwa dozi ya kawaida, sio kwa uniti 10,000 kila siku bila kufuatiliwa. Kikomo cha juu cha usalama kwa mtu mzima anayejinywea mwenyewe ni 4,000. Vitamini hii hujihifadhi kwenye mafuta ya mwili, kwa hiyo madhara hujilimbikiza na hata akiacha leo itachukua wiki nyingi kushuka. Muulize kama ana kiu isiyoisha, anakojoa mara kwa mara, hapati choo, ana kichefuchefu au anajihisi mzito kichwani. Hizo ni dalili za kalsiamu kupanda, na kalsiamu ikipanda figo huumia. Hata kama hana dalili, apimwe. Kuwa na "ff" hakumpi ruhusa ya dozi kubwa: anayefikiri kipokezi chake ni kizito akajaza homoni ili kukisukuma anasahau kwamba utumbo na figo haviulizi alikuwa na nia gani. Kama baada ya vipimo daktari ataona aendelee na kiasi kidogo, sawa. Kwa mifupa na misuli yake, si kwa ini.

Wewe usimeze vidonge vyake. Mjamzito hupewa vitamini D kwa kiasi kinachopangwa na kliniki, na kiasi hicho ni salama. Kilicho cha haraka kwako ni kipimo cha damu cha homa ya ini B kinachoitwa HBsAg. Kikiwa hasi, omba na kile kinachoonyesha kama una kinga. Kama huna, chanjo inaweza kutolewa hata ukiwa mjamzito. Kikiwa chanya usiogope, ila usichelewe: watapima wingi wa kirusi, na kikiwa kingi utapewa dawa miezi ya mwisho ili mtoto asiambukizwe. Mtoto wako, kwa majibu yoyote yale, apate chanjo ya kwanza ya homa ya ini B ndani ya saa 24 za kuzaliwa, kisha amalizie dozi nyingine kwa ratiba. Uliza mapema kama mahali utakapojifungulia wanayo chanjo ya siku ya kwanza, maana si kila mahali huiweka tayari.

Ndugu zako watatu nao wapimwe HBsAg, na kingamwili mbili zinazofuatana nayo, na homa ya ini C. Atakayekutwa na B aonwe na daktari wa ini, apimwe vimeng'enya vya ini, wingi wa kirusi na kiasi cha makovu. Mwambieni daktari huyo waziwazi kwamba baba alifariki kwa saratani ya ini, kwa sababu historia hiyo hushusha umri wa kuanza uchunguzi. Uchunguzi wenyewe ni ultrasaundi ya ini kila miezi 6, mara nyingi pamoja na kipimo cha damu cha alfafetoprotini. Uvimbe wa sentimita mbili unaoonekana kwa namna hiyo unaweza kukatwa au kuunguzwa mgonjwa akapona; ule unaojitangaza kwa tumbo kujaa maji, kama wa mzee, huwa umeshapita hapo. Nyote mkikutwa salama, mchanjwe wasio na kinga, na kazi imekwisha kwa upande huo. Kisha angalieni uzito, kisukari na nafaka au karanga zenye ukungu: zitupwe, kwa sababu kuzipika hakuiondoi sumukuvu.

Mkienda hospitali alikotibiwa baba, ombeni muhtasari wa matibabu yake. Inawezekana kabisa HBsAg ilipimwa katika wiki zile saba na jibu limo kwenye faili, ila katika msiba hakuna aliyekaa nanyi kuwaeleza lilikuwa na maana gani kwenu. Likiwa chanya, fikirini alikolipata. Huenda alikuwa mtoto mchanga, au alikuwa akitambaa nyumbani kwao na ndugu zake. Kwa hiyo zaidi yenu wanne na mama, wapigieni simu baba zenu wakubwa na wadogo na shangazi zenu. Walizaliwa na mama yule yule, na baadhi yao sasa wanakaribia miaka 54.